Damu, Nguvu na Ridhaa: Uhalali wa Utawala wa Ukoo wa Muyinga

Swali la iwapo haki ya kutawala hutokana na damu, nguvu au ridhaa ya watawaliwa linajibiwa kwa uzito na historia ya ukoo wa Muyinga, watawala wa Wahehe wa Iringa, ambao kila mmoja wao huitwa mtwa, yaani mtemi. Munyigumba, aliyefariki mnamo 1879, aliziunganisha kwa vita tawala ndogo ndogo zilizokuwa zikijitegemea, na mwanawe Mkwawa akaizungushia Kalenga, makao yake makuu, ukuta wa mawe, kisha tarehe 17 Agosti 1891 jeshi lake likakiangamiza kikosi cha Wajerumani huko Lugalo na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski.

Nguvu hiyo ilivunjika Oktoba 1894, Kalenga ilipotekwa, lakini uhalali, maana yake kukubalika kwa mtawala kuwa ndiye mwenye haki, haukuanguka pamoja na ngome. Mwaka 1896 Wajerumani walimtawaza Mpangile, ndugu yake Mkwawa, ambaye hakupungukiwa damu ya utawala wala bunduki za kumlinda. Hata hivyo watu waliendelea kumlisha na kumficha Mkwawa porini, ingawa kichwa chake kilitangaziwa zawadi ya rupia 5,000, na mwaka uliofuata Wajerumani hao hao wakamuua Mpangile wakimshuku kwamba alimsaidia nduguye.

Mkwawa alijiua kwa risasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe, na kiwiliwili chake kikazikwa Mlambalasi, kwenye barabara ya kutoka Iringa kwenda Idodi, huku fuvu likipelekwa Ujerumani na kurejeshwa Kalenga mwaka 1954. Katika imani ya jadi, ambamo wafu hubaki kuwa sehemu ya jamaa na hukumbukwa kwa tambiko, yaani sadaka kwa wahenga, kumtenga marehemu na nchi yake ni kuwadhulumu walio hai pia. Madai ya fuvu hilo yaliingizwa hata katika Mkataba wa Versailles wa 1919.

Hata hivyo, ridhaa ya Wahehe waliomficha Mkwawa ilikuwa na mipaka, kwa kuwa majirani zao Wasangu na Wabena walioshambuliwa hawakuulizwa, na haifai heshima ya shujaa ifunike maumivu yao. Utemi ulipofutwa kisheria mwaka 1963, mjukuu wa Mkwawa, Adam Sapi, alikuwa tayari Spika wa Bunge, akiwatumikia hata wazao wa walioshambuliwa na babu yake. Damu, basi, humpa mtu jina na nguvu humpa kiti, ilhali haki ya kutawala hupatikana kwa kuwajibika mbele ya watu wote wanaoguswa na utawala huo.