Maharage ya Uyole na deni la msomi

Huku Nkunga, kama katika kata nyingine za wilaya ya Rungwe, mtoto akipata nafasi ya chuo kikuu hasomeshwi na wazazi wake peke yao. Katika ada yake huingia fedha ya majani ya chai, ya mikungu ya ndizi iliyopakiwa lori la Dar es Salaam, ya maziwa ya asubuhi. Shangazi hutoa chake, baba mdogo naye chake. Panapopungua hujaziwa na Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005. Bodi ina namna yake ya kudai: asilimia 15 ya mshahara hukatwa kabla mwenyewe hajauona. Deni la shangazi halina hati wala tarehe.

Mwalimu Nyerere alilisemea deni hilo kwa mfano mkali. Msomi, kwake, ni mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake. Asiporudi ni msaliti. Mwaka 1966 wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, aliwafukuza mamia kwa siku moja, akapunguza na mshahara wake mwenyewe. Wengi tunakumbuka kufukuzwa. Mimi huona uzito uko kwenye ule mshahara.

Ila kurudi ni kufanya nini? Mara nyingi tunahesabu nyumba ya tofali za kuchoma, gari la Krismasi, na mchango msibani. Ni mambo mema, tena huwafuta wazazi jasho, lakini hayaongezi hata kilo moja ya majani ya chai.

Ukitoka Mbeya mjini kuja Tukuyu unapita Uyole, penye kituo cha utafiti wa kilimo. Huko wasomi walichanganya mbegu, wakazipanda, wakatupa zilizoshindwa, wakarudia msimu baada ya msimu, mpaka yakapatikana maharage kama Uyole 96 na Njano Uyole. Kazi ya namna hiyo haina sherehe ya mahafali. Mama anayepanda maharage kati ya migomba hana haja ya kujua nani alisoma wapi; anaangalia kama yanazaa, kama yanaiva upesi jikoni, na kama mnunuzi anayataka. Mtafiti huyo huenda hajawahi kulala Nkunga hata usiku mmoja, nami namhesabu kuwa amerudi.

Kwa hiyo kijana aliyesoma uhandisi akabaki mjini haniudhi, mradi barabara anayoisimamia inapitika masika. Jani la chai likishachumwa halingoji. Wala simcheki mwenye shahada anayeendesha bodaboda. Huyo kazi aliyosomea ameitafuta, hajaiona.

Na kijiji nacho kina la kujibu. Binti aliyesomea mifugo akija kushauri juu ya malisho, anasikilizwa, au anaulizwa kwanza yeye ana ng'ombe wangapi?