Samaki Hasomi Nakshi

Samaki haoni nakshi. Tuanzie hapo, maana ndiyo hoja inayomaliza ubishi haraka. Fimbo ya kuvulia inahitaji vipete vya kupitishia mshipi. Vipete vinafungwa kwa uzi, uzi unapakwa vanishi, kazi imeisha. Sasa huyu anayekaa siku nzima akipanga misalaba na almasi za rangi tatu juu ya mpini, anaongeza nini? Tumwite fundi, au mtu aliyekosa kazi?

Kwetu Itetemia, Tabora, swali hili lililetwa na mtoto wa shangazi yangu. Anatengeneza fimbo kwa ajili ya watu wanaokwenda kuvua Bwawa la Igombe, na nakshi za uzi amejifunza kwenye simu, video baada ya video. Mjomba wake akamtania: "Mjomba, hizo almasi samaki anazisoma?" Kijana akajibu bila kuinua kichwa: "Hazisomi, Mjomba. Ila mimi nitajua kama zimepinda."

Watu walicheka. Mimi naona alisema jambo zito.

Ukiitazama kazi yenyewe utaelewa. Uzi unaanza kwa kujikandamiza: mizunguko ya mwanzo inalala juu ya ncha yake yenyewe mpaka ishike. Mwishoni, ncha ya pili inavutwa kwa kitanzi ipite chini ya mizunguko ya mwisho. Hakuna fundo hata moja. Kwenye almasi, nyuzi mbili zinapanda zikizunguka kwa pande tofauti na kukutana juu ya mstari mmoja. Nafasi ya kwanza ikikosewa kidogo tu, kila rangi inayofuata inalikuza kosa hilo. Dawa ni moja: fumua, anza upya. Na saa hizo za kufumua hakuna mteja anayezilipia.

Halafu huo tunaouita urembo haukuanza kama urembo. Fimbo za zamani za Ulaya na Marekani, zilizoundwa kwa vipande vya mwanzi vilivyogundishwa, zilifungwa hariri kila baada ya nafasi fupi kwa sababu gundi ya wakati ule haikuaminika. Gundi ilipokuwa bora, hariri nyingi ikakosa kazi. Lakini wapo mafundi walioendelea kuifunga. Jicho lilishapenda.

Sisi wa Tabora kuzungusha hatukukuanzia kwenye simu. Katika karne ya 19, misafara kutoka Bagamoyo ilitembea kama miezi mitatu kuleta Unyanyembe nguo, shanga na masango, yaani nyaya nene za shaba. Mpagazi wa masango alibeba mti begani, makoili ya waya yamefungwa ncha mbili. Waya ulivutwa ukawa mwembamba, ukazungushwa juu ya singa za mkia wa mnyama, zikapatikana sambo za kuvaa miguuni. Richard Burton, aliyefika hapa mwaka 1857, aliziandika. Sambo haikulima wala haikupika. Watu waliitaka tu.

Lakini tusijidanganye. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Masango yale yalinunua pia pembe za ndovu, na njia ile ile ilipitisha watu waliofungwa minyororo kwenda pwani. Shaba kung'aa mguuni haimsafishi aliyeileta. Vivyo hivyo, almasi nzuri kwenye fimbo ambayo vipete vyake vinalegea ni uongo uliopakwa vanishi. Urembo haulipi deni la haki, wala haufidii kazi mbovu iliyo chini yake.

Ninachodai mimi ni kidogo zaidi ya hapo. Mpagazi aliuza mabega yake, mzigo wa kilo 30 hivi. Fundi wa sambo naye aliuza kazi yake, na kijana wetu anauza fimbo. Ila ndani ya kazi inayouzwa kuna kipande ambacho bei haikifikii. Mteja atalipia rangi. Hatalipia mara ya nne ya kufumua, kwa kuwa hataijua. Kipande hicho hakina mnunuzi. Ni cha fundi mwenyewe.

Ndiyo maana naogopa ule ushauri wetu wa kila siku: jifunze kinachotosha. Kinachotosha kwa mtihani, kwa bosi, kwa mteja asiyejua. Hata kwenye uandishi wa habari upo. Taarifa itatoka tu, hata jina la kijiji lisipohakikiwa mara ya pili. Tunadhani tunamwokolea kijana muda. Lakini nani anaamua kinachotosha? Anayelipa. Kijana akikubali, amemkabidhi mlipaji kipimo cha ustadi wake, na kama malipo ni madogo, ustadi nao utakuwa mdogo. Hapo maskini anaibiwa mara mbili: kwanza ujira, kisha sababu ya kufanya vizuri.

Sisemi kila mtu akafunge nyuzi. Fimbo isiyo na nakshi inavua vizuri tu, na mwenye njaa asilaumiwe kwa kuikimbilia hiyo. Nasema tu kwamba mwenye mtoto anayejifunza ufundi asiishie kumuuliza leo ameuza ngapi. Amuulize pia amefumua nini.