Mbwa Mgonjwa Ana Haki Gani Kwetu?

Nyumbani kwetu Gitambi, wilayani Rusizi, mbwa aliyetulindia mifugo kwa miaka 11 ana saratani. Daktari wa mifugo amesema hatapona. Kilichobaki ni dawa ya maumivu na kumsafisha kidonda. Jirani huniuliza: "Ustadhi, mbwa ni najisi, unamhangaikia wa nini?"

Swali hilo linachanganya mambo mawili. Katika madhehebu ya Shafi, unajisi wa mbwa hutulazimu kuosha alichokilamba mara saba, moja kwa udongo. Hauturuhusu kumtelekeza. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Naye Izz bin Abdissalam, mwanachuoni wa Kishafi aliyefariki mwaka 660 Hijria, ametaja kuwa ni haki ya mnyama kuhudumiwa na mwenyewe hata akizeeka au akiugua asiwe na manufaa tena.

Mtihani uko hapo. Anayelinda tunamlisha kwa faida yetu. Asiyeweza kusimama tunamlisha kwa ajili ya Allah. Basi navaa glavu, namsafisha kidonda, najitwaharisha, kisha naswali.

Wallahu a'lam.