Haki ya Mlezi au ya Mtoto?

Mwanangu anahamia Mwanza kikazi. Mtalaka wake kabaki hapa Tanga, na mjukuu wangu ana miaka sita. Shekhe wetu, Mshafii kama sisi, kasema mzazi akihama moja kwa moja, baba ndiye mwenye haki ya kumlea mtoto, nasaba isipotee. Sheria ya Ndoa ya 1971 huanzia kwa mama mtoto asipotimiza miaka saba, ila inaonya asihamishwehamishwe. Mafakihi wenyewe wamekhitilafiana: hadhana, yaani ulezi huo, ni haki ya mlezi au ya mtoto? Mimi nasema ya mtoto. Baba mtu akisafiri hupiga simu ya video, naye mtoto humwonyesha pengo la jino. Nasaba haipotei hivyo. Lakini simu haimwogeshi mtu wala haimpeleki chuoni. Basi mtoto abaki na mama yake, na nauli za likizo alipe anayehama, hata akiwa mwanangu.