Zawadi ya Mwenye Kuuza

Mwezi uliopita kampuni moja ya soda ilituandikia barua. Iko tayari kutulipia tenti, madaktari na vipimo vya sukari siku yetu ya afya, mradi bango lake likae langoni. Nilifurahi. Mimi nimesomea biashara, na bajeti ya hiyo siku ndiyo inaninyima usingizi.

Halafu nikakumbuka maziwa ya kopo. Miaka ya 1960 na 1970, baadhi ya kampuni za maziwa ya watoto zilituma wanawake waliovaa kama manesi hadi wodi za akina mama huku Afrika na kule Asia. Waligawa makopo ya bure. Mama anampa mtoto kopo, maziwa yake mwenyewe yanapungua, kisha kopo la bure linaisha. Sasa lazima anunue. Pesa hakuna, kwa hivyo anazidisha maji, na maji yenyewe si safi. Watoto wakahara, wakakonda, wengine wakafa. Sisi darasani tulifunzwa kwamba kugawa sampuli ni mbinu nzuri ya soko. Hakuna aliyeuliza kama mtoto aliishi.

Waliopiga kelele kwanza hawakuwa serikali. Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilichapisha kijitabu. Mwaka 1976 masista wa Precious Blood kule Marekani, waliokuwa na hisa za Bristol-Myers, wakaishtaki kampuni hiyo kortini. (Masista na hisa! Nilicheka, kisha nikawaheshimu.) Mwaka 1977 watu wakaanza kususia bidhaa za Nestlé. Ilipofika 1981, Shirika la Afya Duniani likapitisha kanuni za kuzuia matangazo hayo: nchi 118 zikaunga mkono, Marekani peke yake ikapinga. Kenya tulipata sheria yetu mwaka 2012.

Mtu ataniuliza, na hao wanaharakati walichaguliwa na nani? Ni swali la haki. Nao wana wafadhili, na vitabu vyao vikaguliwe pia. Lakini mama akinyonyesha, wao hawapotezi hata shilingi. Kampuni ndiyo inapoteza. Kwa hivyo mwenye kuuza asikilizwe, sawa, ila asiwe mezani wakati sheria inaandikwa.

Bango langoni si sheria, najua. Lakini mama mwenye kisukari atapita chini yake akienda kupimwa, na atadhani tumeibariki ile chupa. Someni Kutoka 23:8.

Wazee wanakutana Jumatano. Nitawaambia tukatae. Tenti tutatoa wapi, bado sijui.