SAMSONI HAKUSEMA ASALI ILIKOTOKA

Somo: Waamuzi 14:5-9, Mithali 24:13



Samsoni alimwua simba njiani. Baada ya siku kadhaa alipita tena pale, akakuta nyuki wamefanya makao ndani ya mzoga, na asali imejaa. Alikula, akawapelekea na wazazi wake. Lakini soma vizuri mwisho wa mstari wa 9. Wengi tunaupita mbio. Samsoni aliwapa wazazi asali, ila aliwaficha mahali alipoitoa.

Wazazi walishiba siku ile. Je, kesho yake? Walibaki kumngojea Samsoni.

Ndugu wapendwa, sisi pia simba ametupitia. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamerudi mara nyingi katika eneo la Beni. Watu wamekimbia mashamba yao. Mjane aliyekuwa na kakao na mihogo leo analala katika kiwanja cha mtu mwingine. Ndugu zetu Wambuti, ambao msitu ulikuwa ghala yao, wametoka msituni mikono mitupu. Kanisa liliwapa maharagi, nguo na sabuni. Ni vizuri, Mungu awabariki waliotoa.

Lakini kati yetu wako wanaofuga nyuki. Wanawapa wahitaji kikombe cha asali. Mjane akiomba kufundishwa, wanasema moyoni: «Wote wakijua, bei itashuka sokoni.» Huko ndiko kutoa kama Samsoni. Unampa mtu asali, unamficha mzinga. Kesho atarudi mlangoni pako, nawe utasema ni mvivu!

Wakimbanguisti, tukumbuke meza yetu. Tarehe 6 Aprili 1971, huko Nkamba, Kanisa letu liliadhimisha Meza ya Bwana kwa mara ya kwanza. Hatukuchukua divai ya mbali. Tulichukua mkate wa viazi, mahindi na ndizi, na asali iliyochanganywa na maji. Basi ujiulize unapopokea kikombe: asali hii imetoka mikononi mwa nani? Labda mikononi mwa Mmbuti ambaye Jumapili unasogea ili asikae karibu nawe. Unapokea asali yake, unamkataa yeye? Hata sheria ya nchi yetu ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za watu hao wa asili. Je, Serikali itangulie katika upendo, Kanisa lifuate nyuma?

Tena sikieni, wanaofundisha! Mmbuti anajua asali kabla yako. Anajua ni mti gani unachanua, anawafuata nyuki kwa jicho mpaka tunduni, anapanda juu sana na moshi wake. Usiketi mbele yake kama bwana mwalimu. Mwambie: «Ndugu, wewe unifundishe msitu, nami nikufundishe sanduku.» Hapo nyote wawili mtakuwa wanafunzi wa Mungu.

Basi wenye ujuzi na wafundishe haya wazi, bila kuficha:

1. Mzinga. Mbao chache zinatosha kutengeneza sanduku lenye mbavu za mteremko. Juu panga vijiti, kila kimoja upana wa milimita 32, ndio upana unaowafaa nyuki wetu wa Afrika. Nyuki hujenga sega moja chini ya kila kijiti, nawe unatoa sega moja bila kuvunja nyumba yao. Mizinga ya namna hiyo ilienea kutoka Kenya tangu miaka ya 1970.

2. Mahali. Nyuki wetu ni wakali. Weka mzinga mbali na nyumba, njia, mbuzi na watoto, karibu na maji na maua: kahawa, avoka, mikaratusi. Mwenye kakao asinyunyize dawa wakati nyuki wako kwenye maua.

3. Mavuno. Enda jioni, na moshi kidogo, usiwachome. Toa masega yaliyozibwa kwa nta tu. Asali ambayo haijazibwa ina maji mengi, itachacha. Na kilichochacha hakiingii katika Meza yetu. Sega lenye watoto wa nyuki usilikamue. Uwaachie nyuki chakula chao. Nyuki mmoja, kwa kazi ya maisha yake yote ya majuma kama sita, hakusanyi hata robo ya kijiko cha chai. Anayechukua yote anaiba jasho la maelfu.

4. Nta. Usiitupe. Iyeyushe, ichuje, uiuze au utengeneze mishumaa.

Mama mmoja aliniuliza: «Mchungaji, mimi sina shamba, nyuki watakula nini?» Nilimjibu: Mama, nyuki hasimami kwenye bariere. Haulizwi kitambulisho. Anaruka kilomita mbili, tatu, anafika hata kwenye maua ya shamba lile ambalo wewe unaogopa kulirudia, na jioni anakuletea mavuno yake nyumbani. Mungu amemwekea mjane wafanyakazi ambao vita haiwezi kuwazuia.

Tumefundishwa mambo matatu: Upendo, Amri na Kazi. Kumpa mwenye njaa asali ni Upendo. Kumfundisha mzinga ni Upendo pamoja na Kazi. Kumficha ni kuvunja Amri, maana tumeamriwa kumpenda jirani kama nafsi zetu, na nafsi yako hukuificha ujuzi huo.

Kwa hiyo, kila mwenye mizinga katika parokia hii achukue mwanafunzi mmoja: mjane, kijana aliyehama vita, au Mmbuti. Akae naye tangu kundi kuingia mpaka mavuno ya kwanza. Mwanafunzi akivuna, naye amchukue mwingine. Bei ikishuka kidogo, hesabu nyumba zilizoacha kulala njaa, uone kama umepata hasara.

Simba ametuumiza kweli. Lakini Mungu wetu anajua kuweka asali hata ndani ya mzoga. Wewe uliyeionja, sema ilikotoka.

Bwana awabariki. Amina.