Mlima haukutumwa

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, Wakristo wakianza Majilio, tope liliporomoka kutoka Mlima Hanang nchini Tanzania likauvamia mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi na Jorodom. Lilikuja na mawe na magogo mazima mazima, likajaa majumbani na madukani. Watu zaidi ya 80 walifariki.

Swali la kwanza kwa wengi wetu huwa: tumemkosea nani? Wataalamu wa miamba walijibu jingine. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikalemewa, ikameguka. Wapo wanaoona maelezo ya namna hii ni kumkana Mungu. Sikubaliani nao hata kidogo. Anayesema waliofukiwa waliadhibiwa ndiye anayemsingizia Mungu, tena bila ushahidi. Watoto wachanga walikuwa na kosa gani?

Tena imani haizuii kuchukua tahadhari: Wairaqw wa Mbulu, jirani na Hanang, walimwomba Lo'a, mungu wanayemhusisha na jua, awape baraka. Papo hapo walitengeneza makinga maji kwenye miteremko na kubeba samadi ya zizini hadi shambani. Sala na jembe havikugombana. (Ugomvi, nadhani, tumeuleta sisi tuliosoma kidogo.)

Basi ikiitishwa ibada ya kuiombea Hanang, nitakuwepo. Nikitoka nitamuuliza mwenyekiti wa kijiji ni nani anayekagua nyufa kule juu, na kama viwanja vya kando ya korongo bado vinauzwa.